Mipaka ya wadi nchini Kenya

Wadi ni eneo dogo kabisa la uchaguzi nchini Kenya. Kila moja humchagua mwakilishi wake katika bunge la kaunti. Mwaka 2012 Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC) ilichora wadi 1,450 ndani ya maeneo bunge 290.

Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 hakiitaki tume itazame idadi ya watu peke yake. Ipime pia sura ya nchi, miji, njia za mawasiliano, na mafungamano ya wakazi kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Kwa hiyo idadi inaweza kupishana na wastani kwa hadi asilimia 40 katika majiji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko.

Uzito wa kanuni ya mafungamano huonekana mashinani: vijiji viwili vinavyotegemea soko moja na kisima kimoja vikitenganishwa, barabara ileile huombwa kwa wawakilishi wawili, na kila mmoja humsukumia mwenzake. Lakini kuchora mpaka kwa kufuata kabila tu ni kuipotosha kanuni yenyewe na kuwaumiza walio wachache.

Mipaka ya maeneo bunge hupitiwa upya kila baada ya miaka 8 hadi 12, na ya wadi mara kwa mara. Muda wa maeneo bunge uliisha Machi 2024, tume ikiwa haina makamishna.