Msafara Bila Mzigo

Katika kila kundi la matembezi hapa Mwanza hakosekani mtu wa kusema kwamba haya mambo ya kupanda vilima Jumapili asubuhi, chupa ya maji mkononi na fulana za rangi moja, tumeyaiga kwa wazungu. Wengine husema kwa utani, wengine kwa kulaumu. Mama yangu mdogo, ambaye alikulia Magu na kila siku alitembea kwenda shule na kurudi, huuliza swali gumu zaidi: "Sasa mwanangu, mnatembea mnakwenda wapi?" Nikimjibu kwamba tunakwenda na kurudi, hucheka mpaka anafuta machozi.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na hayo mawili nimeyabeba maktaba kwa muda sasa. Ile lawama ya kuiga naona haina miguu. Swali la mama mdogo linayo. Kutembea kwa makundi ni jambo la zamani mno kusini mwa ziwa hili, na lilikuwa na kanuni, vyeo na msamiati wake kabla ya mzungu yeyote kufika. Kigeni ni kutembea bila mzigo na bila kutumwa.

Anza na chumvi. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya H. S. Senior kuhusu misafara ya Wasukuma iliyokwenda Ziwa Eyasi kutafuta chumvi. Ukiwa Mwanza, Eyasi iko zaidi ya kilomita 200 upande wa kusini mashariki, ng'ambo ya nyika kavu. Huko mtu haendi peke yake. Kunahitajika wenzako wa kulinda kambi na wa kukuinua ukianguka, na awepo mmoja aliyekwisha kwenda, anayejua maji yako wapi. Napenda kuanza na safari hizi kwa sababu hazikuanzishwa na mfanyabiashara wa pwani wala serikali. Watu walitaka chumvi, wakajipanga, wakaenda.

Katika karne ya 19 ujuzi huohuo ukawa ajira. Wanyamwezi wa upande wa Tabora, pamoja na jirani zao Wasukuma, walibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na vitambaa, shanga na nyaya. Mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Msafara uliamka gizani, ukatua kambini kabla jua halijawa kali. Mbele alikwenda kirangozi na bendera, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Posho ikichelewa, watu walitua mizigo chini na kukaa, na tajiri mwenye mali hakuwa na la kufanya ila kuzungumza nao. Anayedhani mgomo ulikuja na reli na bandari asome habari za wapagazi.

Palikuwa na neno terekeza. Maana yake ni kuondoka alasiri badala ya alfajiri, mmebeba maji ya kutosha, mkalala katikati ya nyika isiyo na kisima ili kesho mapema mfike penye maji. Ni hesabu ya busara kabisa: badala ya kuivuka nyika kwa siku moja ya jua kali, unaigawa mara mbili na kuuweka usiku katikati. Neno hili siku hizi limebaki kwenye kamusi. Nimejaribu kulirudisha katika kundi letu la WhatsApp, na mpaka sasa watu wanne wanalitumia, mmoja wao kwa kunicheka.

Sasa huyo mzungu. Tarehe 9 Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, akimwacha mwenzake Richard Burton huko. Tarehe 3 Agosti alipanda kilima kimoja karibu na Mwanza na kuliona ziwa, akalipa jina la malkia wake. Vitabu vya shule vilituambia aligundua. Ukisoma maelezo yake mwenyewe, unakuta mtu anayeumwa macho, anayetegemea wapagazi wa Kinyamwezi, askari wa Kibaluchi na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay. Bombay alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa India, akarudi Afrika mtu huru baada ya bwana wake kufa. Baadaye alitembea tena na Speke, kisha na Stanley, kisha na Cameron hadi Bahari ya Atlantiki. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha. Lakini ukimtaja Bombay mbele ya wanaklabu, wengi hudhani unazungumzia mji.

Katika maelezo hayohayo kuna mtu ninayemfikiria kuliko Speke. Akiwa Mwanza kwa mtemi Mahaya, Speke aliuliza ziwa linaishia wapi upande wa kaskazini. Aliletwa mtu aliyesifiwa kuwa ndiye msafiri mkubwa kuliko wote pale. Mtu huyo aligeukia kaskazini, akatikisa kichwa, akarusha mkono mbele huku akialisha vidole, akasema hakuna ajuaye, ila huenda linafika mwisho wa dunia. Speke alilichukua jibu hilo kama ushahidi wa ukubwa wa maji. Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Mwaka 1858 mji huu ulikuwa na mtu aliyejulikana kwa kutembea, ambaye majirani walimtaja bila kusita kwamba huyo ndiye. Basi kutembea kulikuwa na bingwa wake. Jina lake halikuandikwa.

Miaka 17 baadaye alikuja Henry Morton Stanley. Safari yake iliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874 ikiwa na watu 356, na kati ya mizigo yao kulikuwa na boti. Boti hiyo, Lady Alice, ilikatwa vipande na kubebwa mabegani hadi ziwani. Tarehe 27 Februari 1875 walifika Kageye, kijiji cha ufukweni mashariki mwa Mwanza, baada ya siku 103 na maili 720. Stanley alihesabu watu wake: wazungu watatu na Waafrika 166. Wengine walikuwa wamekufa kwa njaa, maradhi na vita, au wametoroka. Frederick Barker, mmoja wa wale wazungu watatu, alifia palepale Kageye, na kaburi lake bado huonyeshwa wageni.

Klabu ilipotembea huko mwaka jana tulikuwa 23. Njiani mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa kwenye mwamba alisimama alipotuona tumepangana kimyakimya, wengi wetu tukiwa tumevaa nyeusi, rangi ya fulana za msimu ule. "Poleni," alituambia. "Msiba uko wapi?" Tulipomweleza tunatembea tu, alituangalia kwa muda, akasema, "Haya, asanteni kwa kupita," akarudi kwenye dagaa zake. Hakutukejeli. Kwa anavyojua yeye, watu wengi hivyo hawatembei pamoja bila sababu, na sababu inayojulikana zaidi ni kwenda kuzika. Tulifika Kageye, tukapiga picha. Kiongozi wetu alisoma tarehe na idadi nilizomwandikia, na alipofika kwenye 166 akarudia namba hiyo mara ya pili bila kuombwa.

Karne iliyofuata ilianza vibaya kwa watembeaji. Katika Vita Kuu ya Kwanza pande zote mbili ziliwachukua Waafrika kwa nguvu kubeba risasi na chakula, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa kuhara na uchovu. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wabebaji. Waingereza waliiteka Mwanza Julai 1916. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika, na njia aliyotembea Speke kwa wiki tatu na nusu ikawa safari ya kukaa kitini. Muda si mrefu Wazungu wa Moshi na Nairobi wakawa na chama chao cha kupanda milima, na mwaka 1932 kikatoa jarida, Ice Cap. Hapa ndipo matembezi ya starehe yanapoingia katika historia yetu, na nadhani si bahati kwamba yaliingia baada ya reli. Kutembea kunakuwa starehe kwa mtu mwenye njia nyingine ya kufika. Hata huko mlimani, mizigo ilibebwa na wapagazi.

Kwa watu wa hapa kutembea kulikuwa na kazi nyingine. TANU ilipigwa marufuku Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958. Katika mwaka huo wa 1958 serikali ilitaka Geita iwe na baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, ambalo wananchi waliliona kuwa mlango wa kuwapa wageni mamlaka juu ya ardhi na watemi wao. Umati ukaondoka Geita, ukavuka maji, ukaja Mwanza, ukakaa kwa siku kadhaa ukitaka kusikilizwa na mkuu wa jimbo, mpaka polisi walipoutawanya kwa mabomu ya machozi. Leo ghuba hiyo unaivuka kwa gari dakika chache juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Sijaona kibao chochote kinachotaja waliovuka mwaka 1958. Hawakuwa na vyombo vya habari wala fulana, na mtu akiwaza walikula nini siku zile, anarudi kwenye neno posho.

Halafu 1967. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari, na nchi nzima ikaanza kutembea. Vijana walitoka mikoani kwa miguu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki njiani, na jina lake likabaki. Oktoba Mwalimu Nyerere mwenyewe, akiwa na miaka 45, alitembea kutoka kwao Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuhudhuria mkutano mkuu wa TANU. Rais alikuwa na magari. Aliyaacha, na kila mtu alielewa kwa nini: mwezi mmoja kabla, katika Ujamaa Vijijini, alikuwa amesisitiza kwamba watu waingie vijijini kwa hiari, kwa kushawishiwa na kwa mfano. Miguu yake ilikuwa huo mfano.

Wanaklabu wenzangu huipenda sana habari hii. Mmoja huiita matembezi makubwa kuliko yote ya Kanda ya Ziwa, na hakosei. Lakini siwezi kuisimulia bila kuongeza kwamba tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu huyohuyo alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri. Mwaka uliofuata, Usukumani kama kwingineko, familia zilipakiwa kwenye malori pamoja na sufuria na kuku, na nyingine ziliziacha nyumba nyuma yao zikiwa zimebomolewa. Nikiyaweka hayo mawili pamoja, hatua za 1967 na malori ya 1974, baadhi ya wazee klabuni hukasirika kwamba namvunjia Baba wa Taifa heshima. Sina nia hiyo. Naona tu kwamba katika safari ya kwanza mtu aliweza kuketi chini akasema nimechoka, kama mpagazi alivyoweza kutua mzigo. Katika ya pili hakuweza.

Ndiyo maana siku hizi swali la mama mdogo silijibu haraka. Mtu aliyetembea kwa sababu ya chumvi, mshahara, vita, baraza la wilaya au Azimio alijua anakwenda wapi, na mara nyingi mwingine ndiye aliyeamua. Sisi tunatembea Isamilo, Bujora na Kayenze kwa sababu tumependa, tunarudi tukichoka, na Jumatatu kila mtu yuko kazini kwake.

Oktoba klabu imepanga kutembea kipande cha barabara ya Musoma, kutoka Kisesa kuingia mjini. Katika kikao cha maandalizi mweka hazina alipendekeza tukodi bajaji itufuate na maji na mabegi. Wengi waliafiki. Dada mmoja, muuguzi, asiyezungumza mara nyingi, alinyoosha mkono akasema kila mtu abebe wake, na atakayeshindwa asaidiwe na wa nyuma yake. Tulibishana karibu nusu saa. Mwishoni tukakubaliana hivi: bajaji itakuwepo kwa ajili ya mgonjwa tu, mabegi yatabaki mabegani, na orodha ya majina ya wote watakaotembea itaandikwa kwenye daftari kabla hatujaondoka, majina matatu matatu.