Walilijua Boma, Hawakuijua Bukoba

Mtu anayehamishiwa kazi katika mji asioujua huanza kuuliza habari zake kabla hajafunga sanduku. Huuliza kuna baridi au joto, watu wanakula nini, chumba kinapatikana kwa bei gani. Askari naye huuliza, lakini maswali yake ni mengine. Huuliza ukuta una unene gani, mzinga umeelekezwa wapi, na mambo yakiharibika atatokea njia gani. Leo nataka tuwazungumzie wageni wa namna hii ya pili, wale waliofika Bukoba mwezi Juni 1915, na jinsi walivyoijua kambi waliyokuja kuivamia.

Anayetembea leo katika kata ya Bilele, katikati ya mji, penye maduka na pilikapilika za biashara, hatahisi upesi kwamba mji huu ulianza kama kambi ya jeshi. Lakini ndivyo ulivyoanza. Mwishoni mwa 1890 alifika hapa Emin Pasha, Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa jimbo la Ikweta chini ya serikali ya Misri. Msafara wake ulikuwa umetoka Bagamoyo mwezi Aprili mwaka uleule. Akajenga kituo kando ya ziwa, na mwanzoni mwa 1891 akaondoka, akimwachia ofisa wake Wilhelm Langheld. Boma likatangulia, mji ukafuata: gati, forodha, maduka ya Wahindi na Waarabu. Tangu mwaka 1906 Mjerumani alikuwa na Residenti wake Bukoba, akitawala kwa kupitia Bakama wa nchi ile badala ya maakida kama alivyofanya pwani.

Basi nani alilijua boma la Bukoba? Nasema kwanza kabisa ni Mhaya. Ndiye aliyeitwa kubeba mawe na miti, ndiye aliyepeleka ndizi za kulisha askari, ndiye aliyesimama uani na rupia mkononi akingoja zamu yake ya kulipa kodi ya kibanda. Alijua lango linafungwa saa ngapi na askari gani ana roho mbaya. Lakini ukisoma vitabu vilivyoandikwa na wakubwa wa vita ile, Mhaya huyo humwoni. Naomba mliweke hilo akilini tunapoendelea.

Wa pili kulijua, na hili huwashangaza wengi, walikuwa Waingereza wenyewe, na hawakuhitaji mpelelezi yeyote. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na baada yake zikaja meli za ziwani. Meli hizo za Kiingereza zilizunguka ziwa lote, zikitia nanga Bukoba na Mwanza, bandari za Wajerumani, kama vile zilivyotia nanga Entebbe. Ngozi na kahawa ya Bukoba vilipakiwa humo, vikaenda Kisumu, kisha Mombasa, hadi Ulaya. Kwa miaka zaidi ya kumi mabaharia wa Kiingereza waliliona boma la Bukoba, na baadaye mnara wa simu ya upepo uliosimamishwa karibu nalo, kama tunavyoona leo jengo la posta. Vita vilipoanza Agosti 1914, meli zilezile zilifungwa mizinga. Aliyekuwa akija kuchukua kahawa sasa alikuja kuchukua mji.

Kabla ya kufika Bukoba lakini, hatuna budi kupita Tanga, kwa sababu huko ndiko Mwingereza alikofunzwa adabu. Novemba 1914 Jenerali Aitken alifika Tanga na askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Wengi wao walikuwa wamekaa melini majuma kadhaa, hawajawahi kuiona Afrika, na jenerali wao hakujishughulisha sana kupeleleza mji kabla ya kushuka. Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000 tu. Wakati Mwingereza yuko baharini anajitayarisha, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alipanda baiskeli usiku, akapita mitaa mitupu ya Tanga mpaka karibu na bandari, akaziona meli za adui kwa macho yake mwenyewe chini ya mbalamwezi. Amelisimulia jambo hilo mwenyewe katika kumbukumbu zake. Matokeo ya vita vya Tanga mnayajua, na hadithi ya nyuki mmeisikia, ingawa mimi naona nyuki wamepewa sifa kubwa kuliko haki yao. Katika siku hizohizo Jenerali Stewart, aliyetumwa kupita Longido kuelekea Kilimanjaro, naye alirudishwa nyuma.

Ni Stewart huyohuyo aliyepewa kazi ya Bukoba, na safari hii maswali yaliulizwa mapema. Shabaha ilikuwa ndogo na inaeleweka: kuubomoa mnara wa simu ya upepo, kuliharibu boma, kisha kuondoka. Hakuna aliyetaka kuuweka mji. Tarehe 20 Juni 1915 meli zikang'oa nanga Kisumu, miongoni mwao Winifred, Nyanza, Usoga na Rusinga, kwa safari ya zaidi ya kilomita 300. Ndani yake walikuwamo askari wa Loyal North Lancashire, ambao Tanga walikuwapo na hawakuisahau. Askari wa Kihindi. Keya, yaani King's African Rifles. Na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, ambacho kilikuwa kioja cha aina yake. Humo walijaa wawindaji na wasafiri wa dunia nzima. Mmoja wao alikuwa Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, mwenye umri wa miaka 63, umri ambao wenzake wengi walikuwa wakilea wajukuu. Huyu ndiye ambaye jina lake lilipewa pori la akiba la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Aliuawa kule kusini, Beho Beho, Januari 1917.

Mpango ulikuwa kushuka usiku. Lakini mbele ya Bukoba kuna kisiwa cha Musira, na mji wenye kisiwa mlangoni una mlinzi asiyelala. Wajerumani walikuwa wameweka watu huko. Usiku wa kuamkia tarehe 22, meli zilipokaribia, fataki za ishara zikaruka angani, na boma lote likaamka. Hapo ndipo unapoona tofauti ya Tanga na Bukoba. Stewart hakulazimisha. Alingoja, akajifanya anaelekea gatini, na alfajiri akawashusha watu wake kaskazini ya mji, chini ya jabali ambalo mwenye akili zake asingetegemea jeshi lipandie. Royal Fusiliers wakapanda, wengine kwa kushika majani na mizizi. Walipofika juu hawakukuta upinzani wa maana. Wajerumani walikuwa wakiwangoja kwingine.

Basi kila kitu kilikuwa kimejulikana? Hapana. Kutoka jabalini mpaka bomani si mbali, hata mzee angeweza kwenda kwa mguu na kurudi siku hiyohiyo. Waingereza waliokuwa zaidi ya 1,500, wakipambana na watu kama mia mbili upande wa Mjerumani, walitumia siku mbili. Kati ya jabali na boma kulikuwa na vilima, mawe, migomba, na kinamasi cha mafunjo. Kutoka melini vitu hivyo huonekana kama rangi ya kijani kibichi tu. Migomba ilimficha mpiga bunduki aliyejua kupita ndani yake. Kinamasi kilimzamisha asiyejua pa kukanyaga. Askari wakalala kilimani usiku ule na njaa na baridi, nao waliambiwa wanakwenda nchi ya joto. Mwenyeji wa Bukoba angewaambia habari za baridi ya Juni bila kuchukua hata senti. Kwa wale wanaokumbuka vita vya Kagera vya 1978 na 1979, jambo hili si geni: vijana wetu wa JWTZ walitoka mikoa yote, wengine nchi kavu kabisa, wakakuta vilima hivyohivyo na migomba hiyohiyo, na mto Kagera ambao daraja lake la Kyaka lilikuwa limevunjwa. Lakini wao walipokewa na wenyeji kama wana wao, na hilo ndilo Waingereza wa 1915 walilolikosa.

Tarehe 23 mchana mji ukaanguka. Mnara ukalipuliwa, boma likateketezwa, bendera ya Mjerumani ikateremshwa. Kwa hesabu ya kijeshi ilikuwa kazi safi: Waingereza walipoteza watu wachache sana, kama kumi hivi waliouawa. Hapa ndipo wanahistoria wengi hufunga ukurasa. Mimi siwezi, kwa sababu yaliyofuata ndiyo yaliyompata raia.

Kanali Driscoll, mkuu wa Royal Fusiliers, aliomba ruhusa watu wake wapore mji, na inaelezwa kwamba Stewart alikubali, ilimradi wasiwadhuru watu na wasilewe. Sharti la pili halikudumu hata saa moja. Nyumba zikavunjwa, pombe ikanywewa, watu wazima wakatembea barabarani wamevaa kofia za maofisa wa Kijerumani na nguo za wake zao. Anayesimulia kwa kirefu ni Richard Meinertzhagen, ofisa wa upelelezi aliyekuwapo. Lazima niwaonye kuhusu shahidi huyu. Ndiye aliyejisifu kwamba habari zake bora za makambi ya Wajerumani zilitokana na karatasi chafu zilizookotwa vyooni, na wachunguzi wa siku hizi wamegundua kwamba shajara zake alizipiga chapa upya baadaye na kuongeza mengi. Lakini uporaji wa Bukoba haukuwa siri yake peke yake, wala hakuna aliyeukanusha.

Fikirini duka la mfanyabiashara wa Bukoba siku ile. Pengine alikuwa Mhindi, mwenye ndugu Kisumu, raia wa mfalme yuleyule wa Uingereza. Pengine mzigo wake wa mwisho uliletwa na Winifred, meli ileile iliyowaleta waporaji. Fikirini pia Mhaya aliyekuwa na akiba yake ya ngozi au kahawa mjini. Maofisa wa upelelezi walikuwa wamehesabu bunduki za bomani na kupima nafasi ya mnara. Swali la nani anaishi nyuma ya boma halikuwamo katika orodha yao, kwa hiyo siku ya kuingia hapakuwa na amri ya maana juu ya watu hao. Jeshi lililojua kila kitu kuhusu kambi liliuona mji mzima kuwa kambi.

Usiku ule Waingereza wakapanda meli zao wakaenda zao. Selous aliandika maelezo marefu ya vita hivyo, na yamo katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa London mwaka 1918. Ameeleza vizuri habari za milima na risasi, kwa jicho la mwindaji. Magazeti ya Uingereza yakapata habari njema katika mwaka uliokuwa mbaya kwao.

Wajerumani nao walirudi. Mnara ulikuwa umekwenda, lakini ardhi ilikuwa palepale na watu walikuwa palepale, na mzigo wa kuanza upya ukawaangukia wale wale waliobeba mawe ya kwanza. Boma likaendelea kwa mwaka mmoja zaidi. Katikati ya 1916, Wabelgiji wakisukuma kutoka magharibi na Waingereza kutoka kaskazini na ziwani, Mjerumani akaihama Bukoba asirudi tena. Waingereza wakaingia mara ya pili, safari hii kukaa, na wakakaa mpaka 1961. Bendera ikabadilika, miaka michache baadaye rupia ikaondolewa na shilingi ikashika nafasi yake, na Mhaya akaendelea kusimama foleni kulipa kodi ya kibanda.