Pampu ya insulini

Pampu ya insulini ni kifaa cha kielektroniki kinachoingiza homoni ya insulini mwilini kidogokidogo, mchana na usiku. Hutumiwa hasa na wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza badala ya kujichoma sindano mara kadhaa kwa siku.

Katika aina hiyo ya kisukari kinga ya mwili huharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mgonjwa hawezi kuishi bila kupewa homoni hiyo.

Jinsi inavyofanya kazi

Pampu nyingi zina ukubwa wa simu ndogo. Ndani mna kichupa cha insulini, mota na betri. Mrija mwembamba hupeleka dawa hadi kwenye kanula iliyochomekwa chini ya ngozi, kwa kawaida tumboni. Kanula hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3. Kabla ya kula, mgonjwa huongeza kipimo kulingana na wanga uliomo katika chakula, na sahani ya ugali haihesabiwi sawa na bakuli la maharage. Pampu za kisasa huunganishwa na kihisi cha glukosi na kujirekebisha zenyewe kwa sehemu.

Kwa kuwa pampu hutumia insulini ya haraka pekee, mwili haubaki na akiba. Mrija ukiziba au betri ikiisha, katika saa chache mgonjwa anaweza kupata ketoasidosisi, yaani damu kujaa asidi, hali inayoua isipotibiwa. Hivyo mwenye pampu bado anahitaji sindano za dharura, vipimo vya damu vya mara kwa mara na mhudumu anayekijua kifaa.

Historia

Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 ilitolewa kwa mgonjwa wa kwanza, Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14. Pampu ya mwanzo ilibuniwa na daktari Arnold Kadish wa Los Angeles katika miaka ya 1960. Ilibebwa mgongoni kama shanta.

Upatikanaji

Hata katika nchi tajiri pampu hungojewa. Uingereza iliidhinisha pampu zinazojirekebisha Desemba 2023, na huduma yake ya afya ikapanga kuzisambaza kwa miaka 5.

Nchini Tanzania tiba ya kawaida ni sindano. Mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009, huwapatia watoto na vijana insulini na vifaa vya kupimia bila malipo. Kwa familia ya Ikinga, kata ya Wilaya ya Ileje katika Mkoa wa Songwe, yako mambo yanayotangulia pampu. La kwanza ni ugonjwa kutambuliwa: kutapika na kuhema kwa nguvu hudhaniwa malaria, na mtoto hufa kabla sukari haijapimwa. La pili ni kuhifadhi dawa, kwa sababu chupa isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za sentigredi. Pasipo friji, chupa inayotumika huwekwa katika chungu cha udongo chenye unyevu. Matatizo makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya.

Agosti 2022, mjini Lomé, mawaziri wa afya wa Afrika walipitisha mkakati wa PEN-Plus wa kufikisha tiba ya kisukari aina ya kwanza, selimundu na magonjwa ya moyo katika hospitali za wilaya. Mkutano wa kwanza wa kimataifa kuuhusu ulifanyika Dar es Salaam Aprili 2024.