Mbiu ya Damu na Siri ya Tumbo

Mtoto alalamikapo tumbo, msomaji wangu, mzazi hutaka jawabu upesi, na aghalabu damu ndiyo huulizwa kwanza. Yafaa basi ujue damu yaweza kujibu nini.

Katika mwaka wa 1921, tabibu wa Uswidi, Alf Westergren, alieleza namna ya kupima mwendo wa chembe nyekundu za damu zizamapo katika kijibomba cha kioo. Mwili ukiwa na uvimbe wa maradhi, chembe hizo huzama upesi. Mwaka wa 1930, mjini New York, William Tillett na Thomas Francis waligundua katika damu ya wagonjwa wa nimonia kitu kilichotoweka walipopona. Leo twajua kuwa ni protini itengenezwayo na ini.

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Vipimo hivi ni mbiu: hutangaza vita, lakini havimtaji adui.

Tena yuko adui aingiaye kimya. Kwa miaka mingi matabibu waliamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na wasiwasi na tindikali, na kwamba hapana kijidudu kiwezacho kukaa humo. Mwaka wa 1979, mjini Perth, Australia, Robin Warren aliona kwa hadubini bakteria waliopindika katika vipande vya nyama ya tumbo. Yeye na Barry Marshall walijaribu kuwaotesha, wakashindwa mara nyingi, hata sikukuu ya Pasaka ya 1982, visahani viliposahauliwa katika kabati la joto, bakteria wakaota. Wengi hawakusadiki. Mwaka wa 1984 Marshall alikunywa bakteria hao. Siku chache baadaye akatapika, na tumbo lake likaonekana limevimba. Mwaka wa 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Bakteria huyo, Helikobakta pilori, kwa kawaida huingia utotoni, naye huweza kukaa maisha yote bila maumivu. Wachache kati ya wenye naye hupata vidonda au saratani ukubwani. Mtoto aweza kuwa naye huku vipimo vya uvimbe katika damu yake vimetulia. Kwa hiyo tabibu mwenye shaka hupima pumzi, choo au kipande cha tumbo lenyewe.

Mbiu ikilia, msomaji, sikiliza. Lakini ikinyamaza, usiseme hapana jambo.