Ukitoa kiti cha nyuma, nini kinaingia?

Wiki hii pekee nimeona kama video tano za wasee wa Nairobi wakifungua nati za kiti cha nyuma cha Vitz ama Impreza. Wanakirusha kando ya gereji, halafu wanaandika chini: "Ndai sasa ni nyepesi, inatoka kama risasi." Makomenti ni moto tupu.

Mimi nilicheka, juu kwetu Ukambani hiyo si kitu mpya. Simama stejini Wote ama Mutomo siku ya soko uone Probox ngapi hazina kiti cha nyuma. Tofauti ni moja tu: huku kiti hakitolewi ndio gari iwe nyepesi. Kinatolewa ndio ibebe zaidi.

Hii tabia ina historia, na wengi wetu tumeiga nusu yake tu. Wacha niwapeleke polepole.

Mbio za Safari zilianza mwaka wa 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwanzoni magari yalikuwa ya kawaida, karibu vile yalivyotoka dukani. Ushindani ulipopanda, mafundi wakaanza kuhesabu kilo. Ndani ya gari kuna watu wawili tu, dereva na msomaji wa ramani, kwa hivyo kiti cha nyuma ni mzigo wa bure. Kila kilo ukiitoa, injini inasukuma kidogo na breki zinahangaika kidogo.

Hapo ndipo watu wa video huachia story. Ile nafasi haikubaki tupu. Waliweka magurudumu ya spea, jeki na vifaa vya kurekebisha gari porini, na vyote vikafungwa visiruke. Kadiri miaka ilivyosonga, ikaingia fremu ya vyuma ya kuzuia paa lisiwapondeponde gari ikibingirika. Fremu hiyo ina uzito! Yaani walitoa uzito usiosaidia mtu wakaweka uzito unaookoa maisha.

Na hata hivyo, wepesi peke yake haukushinda Safari. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza, saba pekee yakamaliza. Mwaka wa 1968 tena yakamaliza saba. Mwaka wa 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kwa mbio kabla wainunue. Aliyeshinda ni yule gari yake ilivumilia barabara zetu.

Sasa geuza upande ule mwingine. Wakati hao wanatoa viti, mwananchi wa kawaida alikuwa anaviongeza. Matatu za kwanza za miaka ya 60 zilikuwa magari kuukuu yaliyowekwa benchi nyuma, nauli senti kumi kumi mara tatu, na jina likatoka hapo. Mwaka wa 1973 Rais Jomo Kenyatta akaziruhusu kubeba watu bila ile leseni ya uchukuzi. Peugeot 404, gari iliyoshinda Safari 1963, 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na ndugu yake mrefu wa safu tatu za viti, na huyo ndiye alikuja kuwa teksi ya safari ndefu. Halafu sheria za Michuki, zilizoanza kushika kweli Februari 2004, zikasema kila abiria wa matatu awe na kiti chake na mkanda wake. Ilichukua miaka 30 na makaburi mengi kufika hapo.

Kisha Probox ikaja. Toyota waliitoa Japani mwaka wa 2002 kama gari ya kazi. Wenye waliitengeneza waliandika hesabu wazi: ikibeba watu wawili, mzigo mwisho kilo 400. Ikibeba watano, mzigo ushuke hadi 250. Maanake hata kiwandani walijua ni aidha watu ama mzigo. Sisi tuliamua ni vyote, kwa pamoja, na mwingine akalie buti.

Mwaka wa 2018 mambo yakachemka zaidi. Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kwenda nje. Februari lori la makaa likachomwa Kanyonyoni, na hasira ikafika hadi Limuru. Lori likishakuwa hatari hivyo, gari ndogo isiyo na kiti cha nyuma inaanza kuonekana kama akili. Kwa macho ya karao ni gari ya familia. Ndani ni magunia hadi kwa paa.

Hebu piga hesabu. Kiti cha nyuma cha gari ndogo hakizidi sana kilo 30. Gunia moja tu la makaa linakipita. Na mgongo wa kile kiti ndio ulikuwa ukuta kati ya mzigo na kichwa cha dereva. Gari ikienda 80 kwa saa igonge kitu isimame, gunia halisimami. Linaendelea na ile 80 yake mpaka likutane na mtu.

Huyo mtu mimi namjua. Susu wangu ameshapanda Probox ya hivyo kurudi nyumbani kutoka soko, ameketi juu ya gunia la ndengu, mkono mmoja umeshika kuku, mwingine umeshika dirisha. Hakuna mkanda, hakuna kiti, na nauli alilipa sawa na aliyekaa mbele. Nilipomuuliza mbona alikubali, aliniambia ingine ingekuja saa kumi na moja jioni. Hakuwa na la kuchagua.

Dereva wa rali alichagua. Alivaa helmeti, akajifunga mkanda, akazungukwa na vyuma, kisha ndio akatoa kiti. Sisi tumechukua ile sehemu rahisi, spana na nati, tukaacha ile ya bei ghali.

Kwa hivyo msee wa Vitz, sina noma na wewe. Kama ni yako na unaendesha peke yako kwa uwanja wa mbio, toa. Lakini ukishatoa, usinibebee mtu hapo nyuma, hata mpaka Syokimau tu. Na wewe wa Probox ya Mutomo, nauli ya susu ni nauli. Mrudishie kiti chake.