Masafa ya Bunia na Kinshasa

Mkazi wa Shari, viungani mwa Bunia, asikiapo ndege ikipaa kutoka uwanja wa Murongo kuelekea Kinshasa, ni nadra akumbuke taabu waliyoipata waliotangulia kuupenya msitu wa Ituri, ambao abiria wa leo huuvuka akiwa ameketi.

Tarehe 28 Juni 1887, msafara wa mpelelezi Stanley, wenye wapagazi wengi waliochukuliwa Unguja, uliondoka Yambuya kando ya mto Aruwimi, ambao upande wake wa juu huitwa Ituri. Na baada ya njaa, maradhi, mishale yenye sumu na vifo vingi, ukalifikia Ziwa Alberti tarehe 13 Desemba, yaani safari ya siku 168.

Lakini leo, masafa ya anga baina ya Bunia na Kinshasa ni takriban kilomita 1,770, nayo ndege ya jeti huyamaliza kwa saa mbili na ushei. Na kwa kuwa Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, aondokaye Bunia saa sita mchana hufika huko mnamo saa saba na ushei kwa majira ya wenyeji, naye hana budi kuurudisha mshale wa saa yake.

Basi, ewe msomaji, upitapo juu ya msitu ule, uangalie chini kwa taadhima, na uwarehemu wapagazi wale, kwani wao waliupima msitu huo kwa nyayo zao.