Mtoto Asiyeambatana: Nani Anamlea, Nani Anamsimamia Mlezi

Lori likikamatwa kwenye barabara kuu iendayo Tunduma na ndani yake wakakutwa Waethiopia, taarifa huwaita wote wahamiaji haramu. Barabara hiyo hupita Mikumi, wilayani Kilosa. Juni 2012, katika mkoa jirani wa Dodoma, zaidi ya Waethiopia 40 walipatikana wamekufa baada ya kusafirishwa ndani ya lori. Safari kama hizo huwa na vijana ambao hawajatimiza miaka 18.

Hao wana istilahi yao: mtoto asiyeambatana na mzazi wala mlezi. Mwaka 2005 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika Maoni ya Jumla Na. 6, ilimweleza kuwa ni mtoto aliye nje ya nchi yake, aliyetengana na wazazi wote wawili na ndugu wengine, na ambaye hayuko mikononi mwa mtu mzima mwenye wajibu wa kumlea kwa sheria au kwa mila. Aliye na shangazi yake hayumo. Huyo ni mtoto aliyetenganishwa na wazazi.

“Kwa mila” si maneno madogo Kilosa. Wasagara huhesabu ukoo upande wa mama, na mtoto mwenye mjomba hawezi kuambiwa hana mtu. Lakini msafirishaji naye, akibanwa, anaweza kujiita mjomba.

Hapo ndipo serikali inapoingia, kwa kile kinachoitwa uangalizi. Neno hilo limebebeshwa kazi mbili, kumtunza mtoto na kumkagua anayemtunza, na afadhali zitengwe: malezi na usimamizi. Chini ya Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, malezi yanaweza kuwa ya familia ya kambo, mlezi wa kuaminika au makao ya watoto. Usimamizi ni wa halmashauri, kupitia afisa ustawi wa jamii, na makao hayaendeshwi bila leseni. Kifungu cha 5 kinakataza mtoto kubaguliwa, hata kwa sababu ya ukimbizi.

Nchi inaijua kazi hii. Katika kambi ya Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo na kupokea Warundi wengi mwaka 2015, watoto waliofika peke yao wamekuwa wakipewa familia za wakimbizi wenzao, na wahudumu wa ustawi huzifuata nyumbani kuona mtoto anakula, anasoma na hapigwi.

Kijana anayeshushwa kwenye lori Mikumi hukutana kwanza na polisi na Uhamiaji. Akiandikwa mhamiaji haramu tu, anaweza kuishia gerezani pamoja na watu wazima bila afisa ustawi kumwona. Akiandikwa mtoto asiyeambatana, afisa huyo ana sababu ya kuitwa kutoka Kilosa, mkalimani wa Kiamhara au Kioromo atafutwe, na umri wake ukibishaniwa, achukuliwe kuwa mtoto hadi ithibitike vinginevyo.